Waache Wakate Kayaba

Nilipoambiwa kwamba uvimbe ulio kwenye titi langu la kushoto ni kansa, mtu wa kwanza niliyemfikiria hakuwa mdogo wangu yeyote. Nilimfikiria baba mdogo. Nikajiambia: leo huyu mzee atakula ashibe.

Wengine wakipata habari kama hiyo humlilia Mungu, wengine huwaza watoto wao. Mimi sikuzaa. Nilikuwa na wadogo wawili niliowalea tangu mama afariki, na wote walikuwa wameshakuwa watu wazima. Wa kiume alikuwa mwalimu huko Muthara, upande wa Tigania, na tulikuwa tunamwita mwalimu hata sisi wa nyumbani. Kitinda mimba wetu, msichana, alikuwa nami Kibugu, huku Embu, tukichuma chai. Hao wangenilia, lakini wangeishi. Baba mdogo ndiye aliyekuwa na haja na kifo changu, na mimi nilikuwa nimeamua zamani kwamba sitampa kitu chochote anachokihitaji.

Shamba letu liko nyuma ya lake. Babu aliwagawia wanawe wawili. Mdogo akapewa upande wa barabarani, baba yetu akapewa upande wa chini unaoteremka mtoni. Wakakubaliana kwa mdomo kwamba njia itapita pembeni mwa shamba la mdogo, upana wa mkokoteni wa ng'ombe. Baba alipokufa njia ilikuwepo. Mama alipomfuata, jeneza lake lilipita hapo hapo. Kabla hata sufuria za matanga hazijarudishwa kwa wenyewe, baba mdogo akapanda kayaba pale njia inapoanzia. Asiyeijua kayaba, ni mti wa ua wenye miiba mirefu kama sindano ya gunia. Ukishashika, hata mbuzi hapiti. Nilikuwa darasa la sita. Muhula ule niliacha shule, kwa sababu chai haijichumi na wadogo hawajilishi.

Kuanzia hapo tulipita bondeni. Unateremka mpaka mtoni, unavuka kwenye mawe, unapanda mteremko wa upande wa pili mpaka barabarani, kisha unazunguka kwenda kituo cha chai. Mzigo uko mgongoni na kamba iko kwenye paji la uso. Mvua ikinyesha unapanda kwa mikono na magoti. Nimepanda hivyo tangu nikiwa msichana mpaka nywele zikaanza mvi, na kila nilipofika juu, niligeuka nikaitazama ile kayaba ya baba mdogo, kijani kibichi, imekatwa vizuri kama nywele za bwana harusi.

Nilipofika umri wa kusikilizwa nilimshtaki kwa wazee wa ukoo, naibu wa chifu akiwepo. Baba mdogo alikuja amevaa koti lake la kanisani, maana yeye ni mzee wa kanisa.

"Huyu msichana hajaolewa," alisema. "Anataka njia ya kwenda wapi?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja, labda kwa aibu ya kucheka, akamuuliza, "Lakini siku ya msiba utafanyaje? Maiti nayo ipite mtoni?"

"Siku hiyo nitafungua kwa mkono wangu," alisema. Kisha akanigeukia. "Utapita hapa siku utakayobebwa."

Wakaandika kwamba mambo yamesikilizwa na yameisha. Mimi niliyaweka maneno yale moyoni, na sikuyaweka ili niyasamehe.

Kwa hiyo nilipougua, kijiji kizima kilikuwa kinajua ni nani anangoja nini. Walinitoa titi kwenye hospitali moja kubwa ya Meru, nikarudi nyumbani kupumzika kabla ya kuanza kemo, zile dawa za kansa za mshipani. Kidonda kikaharibika. Siku moja asubuhi niliamka na joto kali, natetemeka hata meno yanagongana, na mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake. Mwalimu alikuwa amekuja kutuona. Aliweka gunia kwenye wilbaro, ule mkokoteni wa gurudumu moja, akanipandisha, akanifunika blanketi, kisha akaenda kwenye kayaba akamwita baba mdogo, ambaye alikuwa upande wa pili akifungulia ng'ombe.

"Baba mdogo, tufungulie leo tu. Dada ana hali mbaya."

"Anaongea?"

"Anaongea."

"Basi siku yake bado," alisema baba mdogo, akaendelea na ng'ombe wake.

Nilimsikia. Nilikuwa nimelala kwenye wilbaro nikitazama mawingu, na nilimsikia vizuri kabisa. Walinivusha mtoni, mwalimu mbele na mdogo wangu nyuma, majirani wawili wakishika pembeni. Wilbaro iliteleza mara kwa mara na kila ilipoteleza kidonda kilipasuka upya. Tangu siku hiyo, nikiulizwa kwa nini sikukata tamaa kwenye matibabu, huwasifu madaktari, na ni kweli wanastahili. Lakini jibu kamili ni kwamba nilikataa kubebwa kupita pale. Wapo waliokuja kitandani kunishauri niachilie uchungu kwa sababu uchungu hulisha ugonjwa. Niliwaitikia kwa adabu. Uchungu wangu ndio ulionitoa kitandani siku za kemo, na sikuona sababu ya kuufukuza mtumishi mwema namna hiyo.

Kwa sababu ya ule mto, mwalimu alinikodishia chumba Majengo, mjini Meru, karibu na hospitali. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja Mwislamu, mjane wa mchinjaji, mwanamke mnene wa kucheka haraka, anayejua kila mtu anapika nini. Mimi Kiswahili changu ni cha shule niliyoiacha na cha kituo cha chai. Yeye alizaliwa nacho. Kila niliporudi kutoka kwenye dripu alinipokea na supu ya mifupa.

"Kunywa, mama Embu."

"Haipiti."

"Itapita. Wewe unaifungia mlango tu."

Nilimsimulia habari ya kayaba siku ambayo nywele zangu zilibaki kwenye mto wa kulalia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo mzee mimi ningemwombea dua moja tu: aishi miaka mingi akikuona."

Tangu hapo nilimpenda.

Miezi ikapita, kemo ikaisha, miale ya kuchoma kansa nayo ikaisha. Wakanipiga picha za mashine, wakatoa damu, wakaniambia nirudi kusikia majibu. Nilikwenda na mwalimu. Daktari alikuwa kijana, umri wa kuwa mwanangu. Aliangalia kompyuta yake muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Mama," akasema, "tumecheki kila mahali. Kifua, ini, mifupa. Hakuna kitu."

"Hakuna kitu namna gani?"

"Hakuna kitu. Tumetafuta, hatujaona. Utakuwa unakuja tukuangalie, lakini sasa hivi hakuna kitu."

Mwalimu aliinama akafunika uso kwa mikono miwili. Mimi nilikaa wima. Nilisikia furaha ikipanda kutoka miguuni, ya moto, kama uji unaochemka, na juu yake, mbele kabisa, ilielea sura ya baba mdogo. Nilitoka nje nikacheka peke yangu kwenye uwanja wa hospitali mpaka askari wa langoni akaniuliza kama nahitaji msaada.

Mwalimu alimpigia simu mdogo wetu. Alikuwa katikati ya chai anachuma. Alisikia habari, akaketi chini kati ya michai akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyebana kitu kifuani kwa muda mrefu. Mke wa baba mdogo alikuwa anachuma upande wake. Akaja mpaka kwenye kayaba.

"Wewe, kuna nini?"

"Wamepiga simu kutoka Meru," alisema mdogo wangu, na hapo kilio kikamkaba. "Daktari amesema... amesema hakuna kitu."

Mke wa baba mdogo akaweka mikono kichwani.

Kwetu, mtu akitoka hospitali kubwa na kuambiwa hakuna kitu, maana yake inajulikana. Hakuna kitu cha kufanya tena. Mpelekeni nyumbani akae na watu wake. Ndivyo tulivyoambiwa sisi juu ya baba yetu, ndivyo walivyoambiwa majirani wengi juu ya watu wao. Kwa Kiembu na kwa Kiswahili maneno ni yale yale. Na mdogo wangu alikuwa akilia. Nani angefikiri vingine?

Yeye mwenyewe hakutambua mpaka jioni, wanawake wa kanisa walipoanza kuingia nyumbani, wamebeba sukari na majani ya chai, wakizungumza kwa sauti ya chini. Alikwenda nyuma ya nyumba akanipigia.

"Dada, kuna mambo huku. Wanadhani unakufa."

"Nani?"

"Wote. Hata mke wa baba mdogo amekuja. Amepita mtoni, dada, na viatu vizuri. Nifanye nini?"

Nilikuwa nimekaa kitandani Majengo, nakula chapati yangu ya kwanza iliyokuwa na ladha ya chapati.

"Baba mdogo amesema nini?" nikamuuliza.

"Wanaume wako kwake. Wanazungumza juu ya gari. Wanasema gari la maiti haliwezi kuvuka mto."

"Waache."

"Dada."

"Waache, nimesema. Umedanganya mtu?"

"Sijadanganya."

"Basi usidanganye. Ukiulizwa, sema lile lile alilosema daktari. Usiongeze, usipunguze."

"Hii ni dhambi," alisema, lakini nilisikia kwamba alikuwa ameanza kucheka, kile kicheko chake cha puani alichokuwa nacho tangu mtoto.

Siku zilizofuata alinipigia kila alipopata nafasi, akijificha kati ya michai. Baba mdogo hakukubali haraka. Kwanza alisema jeneza litabebwa mabegani kupitia bondeni, ni jambo la heshima, wazee wa zamani walibebwa hivyo. Wanaume wa kanisa wakamuuliza: na tenti? Na viti? Na walimu watakaokuja kutoka Meru na magari yao, watapanda mteremko ule kwa magoti? Watasema sisi ni watu wa namna gani? Mmoja wao, nadhani ni yule mzee wa siku ya kesi, akamkumbusha alichokisema mwenyewe mbele ya naibu wa chifu. Baba mdogo akakosa pa kutokea.

"Ameleta panga," mdogo wangu aliniambia. "Anakata."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na anachomwa. Nimemwona akinyonya kidole."

"Endelea."

"Ndiyo hivyo tu."

"Niambie tena hapo kwenye kidole."

Visiki vya kayaba havitoki kirahisi. Walileta msumeno wa mashine, wakaleta ng'ombe wavute. Kisha ikaonekana kwamba gari la maiti halitapata nafasi ya kugeuka, na baba mdogo ikabidi ang'oe mstari mzima wa chai yake, michai aliyoipanda wakati mmoja na kayaba. Kanisa likatoa lori la changarawe. Naibu wa chifu alikuja kutazama, na baba mdogo, mbele ya watu wote wenye majembe, akasema kwa sauti ya kanisani kwamba njia hii ni ya mtoto wa marehemu ndugu yake. Mdogo wangu alinirudishia maneno hayo mara nyingi kwa sababu nilimwomba.

Mwenye nyumba wangu wa Majengo alianza kunishangaa.

"Wenzio wakipona hukimbilia kwao. Wewe unangoja nini hapa?"

"Nangoja njia ishindiliwe."

Nilimweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta, akafuta macho kwa ncha ya leso. "Mwanamke wewe," alisema. "Na ukikaa kidogo atakujengea na choo."

"Ameshaanza kuchimba. Cha wageni."

Hapo alikaa chini kabisa.

Nilipoambiwa kwamba changarawe imemwagwa mpaka mlangoni kwetu, nilimwambia mwalimu anitafutie gari. Tulipita Chuka na Runyenjes, mwalimu ananitazama kwa jicho la pembeni maana hakupenda mchezo huu, yeye ni mtu wa kusamehe. Tulipofika barabara ya juu Kibugu nilimwambia dereva asimame. Nilishuka. Nikamwambia anifuate polepole. Nilitaka kuingia kwa miguu yangu.

Baba mdogo alikuwa katikati ya njia na reki, anasawazisha changarawe. Amezeeka, nikaona. Aliposikia gari alivua kofia, kama mtu anavyofanya. Kisha akaniona mbele ya gari.

"Umeamkaje, baba mdogo," nilisema. "Pole kwa kazi."

Akatazama gari, akanitazama mimi, akatazama gari tena, kana kwamba ningeweza kuwa kote kuwili.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tuliambiwa hakuna kitu."

"Hakuna kitu, baba mdogo. Wametafuta kila mahali, wakakosa."

Reki ilikuwa bado mkononi mwake. Mkewe alitoka jikoni, akapiga yowe moja, akaja akanikumbatia, na ninaamini alifurahi kweli. Kosa halikuwa lake. Lakini baba mdogo alibaki pale. Mzee wa kanisa, mtu akifufuka mbele yake, lazima aseme neno. Nilimngojea.

"Mungu ni mwema," akasema.

"Kila wakati," nikajibu, na nikapita.

Watu hufikiri hapo ndipo mwisho. Baba mdogo hakufikiri hivyo. Wiki hiyo hiyo alimtuma mkewe aje aseme, kwa maneno mazuri, kwamba njia ilifunguliwa kwa shughuli maalumu, na kwa kuwa shughuli haipo tena, na tumshukuru Mungu haipo, mzee anafikiria kurudisha ua wake mvua zikianza. Mdogo wangu aliona miche ya kayaba kwenye makopo, imepangwa nyuma ya boma lake. Mwalimu alisema twende kortini. Mimi nilisema twende kanisani.

Jumapili niliomba nafasi ya ushuhuda. Kanisa lilijaa, maana kila mtu alitaka kumwona maiti aliyerudi. Baba mdogo aliketi mbele na wazee wenzake, naibu wa chifu nyuma yake. Nilivaa kilemba, kifua changu upande mmoja kimelala, sikukijaza na kitambaa. Nilimshukuru Mungu, nikawashukuru madaktari bila kuwataja majina, nikamshukuru mama wa Majengo na supu yake. Kisha nikasema kwamba kuna mtu mmoja ambaye bila yeye nisingefika nyumbani kwa amani.

"Baba mdogo wangu, naomba usimame."

Hakusimama. Mzee aliyekuwa kando yake akamgusa kiwiko. Akasimama.

"Mimi ni yatima," nilisema. "Mama yangu alipita njia ile mara ya mwisho. Mnajua jinsi tulivyoishi baadaye. Lakini baba mdogo, aliposikia mtoto wa ndugu yake ana shida, alichukua panga mwenyewe. Alikata ua wake, akang'oa chai yake, akachomwa na miiba. Alisema mbele ya naibu wa chifu kwamba njia ile ni yangu. Ni wajomba na baba wadogo wangapi wanaweza? Mimi leo, mbele yenu nyote, nakubali zawadi yake. Naikubali mimi na wadogo wangu na watakaozaliwa na wadogo wangu. Mpigieni makofi."

Walipiga. Akina mama walipiga vigelegele. Mchungaji, ambaye ni mgeni kwetu na hakujua lolote, alishuka madhabahuni akamshika mkono, akasema huu ndio upendo unaohubiriwa, na akamwombea palepale yeye na njia na wote watakaopita. Naibu wa chifu aliitikia amina kwa sauti kubwa, na nilipomtazama, nikaona ananitazama pia, na akainamisha kichwa kidogo sana.

"Sema neno, mzee," mchungaji alimhimiza baba mdogo.

Baba mdogo alishika kiti cha mbele yake.

"Amina," akasema.

Nje, watu walipokuwa wanasalimiana, alinijia. Tulisimama karibu, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto niliona macho yake yalivyofanana na ya baba yetu. Hilo halikunisumbua.

"Umefurahi sasa?" aliniuliza taratibu.

"Sana, baba mdogo."

"Ungekuja tukaongea nyumbani."

"Nilikuja. Nilikuja kwenye wilbaro."

Alikwenda zake.

Mwalimu husema nimwache mzee apumzike, na kwamba nimeshapata nilichotaka. Hajui nilichotaka. Kila asubuhi nikienda kuchuma au kupeleka majani kituoni, napita mbele ya nyumba yake na kikapu changu. Yeye hukaa kwenye kigoda mlangoni anakunywa chai. Nasimama pale kwenye changarawe yake, namsalimu kwa sauti ya kusikika jikoni: umeamkaje, baba mdogo. Asiponijibu, narudia. Sina haraka. Daktari ameniambia nitembee polepole.